Miguu ya Friji

Friji ni mimi. Jina langu la ubatizo ni Philomène Arceneaux, ila pale Chuo cha Grand Marais hakuna aliyekuwa na muda wa kulitamka lote. Wasichana wa timu ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu na kuzunguka vituo, waliponiona nimechuchumaa nyuma ya kibao cha nyumbani, pale mpigaji anaposimama, nimevaa vikinga vyangu vyote, walisema hili ni friji, ukiligonga utaumia wewe. Sikukasirika. Nilikuwa mnene, nina mikono ya kazi, na nikiupiga mpira ulikwenda kutafutwa kwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya uzio. Tatizo langu lilikuwa kukimbia. Mpira ambao mwenzangu angeupiga akafika kituo cha pili akiwa anapiga miayo, mimi ulinifikisha cha kwanza nikitweta.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Odalie Semien, aliyekuwa miguu yangu kwa miaka minne ya chuo. Siku hizi anafundisha watoto kukimbia kwenye shule moja ya Opelousas, ana mume na mapacha, na ukimkuta dukani anachagua bamia huwezi kumdhania lolote. Mimi nikimwona anavuka barabara tu, nasimama kumtazama. Nimeona wachezaji wengi maishani mwangu, na sijaona mwingine wa namna ile.

Kwao ni nje kidogo ya mji, nyuma ya mashamba ya viazi vitamu. Jumapili za kwetu zina mambo mawili, misa na mbio za farasi, na kwa akina Semien sidhani kama padre ndiye aliyekuwa na waumini wengi. Babu yake, mzee Alcide, ndiye aliyekuwa mfungua lango. Farasi wanapangwa kwenye vizimba vya chuma, mzee anashika mkono wa lango, anawatazama mpaka watulie, kisha anauvuta na wote wanatoka kwa mkupuo. Odalie alipanda farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Babu yake alimfundisha siri moja tu, na ndiyo iliyomtengeneza. Alimwambia asiangalie lango, kwa sababu lango ni chuma na halijui kitu. Aangalie bega la anayelivuta.

Alipokuwa msichana wa darasa la saba, farasi wake alisimama kwa miguu ya nyuma ndani ya kizimba, sekunde ileile mzee alipouvuta ule mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto wa mtoto kilisagika kati ya farasi na chuma. Madaktari walikiunga kwa bamba la chuma, kikapona kikiwa kimekakamaa kama mpini wa jembe, na hakijakunjika tena hadi leo. Mzee Alcide alimwambia neno moja tu: wewe na farasi basi. Hapo Odalie akawa na mbio nyingi na hana pa kuzipeleka, mpaka masista wa parokia walipoanzisha timu ya softiboli ya wasichana.

Alikuja kufanya majaribio chuoni kwetu akiwa na kaptura ya kuazima. Kocha wetu, Bi Brasseaux, alikuwa mwanamke mkavu aliyetafuna mbegu za alizeti kutwa na kutema maganda kwenye kikombe. Alimuuliza anacheza nafasi gani.

"Nakimbia, Kocha," akasema Odalie.

"Kukimbia si nafasi. Unapiga?"

"Kupiga siwezi. Mkono huu hauzunguki. Lakini nakimbia."

Wenzangu walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Kocha akamsimamisha kituo cha kwanza akaniambia nimtoe. Kwenye mchezo wetu mkimbiaji haruhusiwi kuacha kituo mpaka mpira umtoke mrushaji mkononi. Ukinyanyua mguu mapema, refa anakutoa. Basi mrushaji akirusha, mkimbiaji anachomoka kwenda kuiba kituo cha pili, na mimi mdakaji naudaka mpira na kuutupa huko kabla hajafika. Katika jimbo zima la Louisiana hakukuwa na msichana wa kuniibia. Nilijisifu hivyo, na ilikuwa kweli.

Mrushaji akarusha. Niliudaka, nikauinua, nikautupa kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu. Ulipofika, Odalie alikuwa amesimama juu ya kituo cha pili anajikung'uta vumbi. Nikasema arudi, sikuwa tayari. Akarudi, akaniibia tena. Nikasema tena, na mara ile niliutupa kwa hasira ukapitiliza hadi nyasi za mbali. Nilimfuata pale aliposimama. Nilikuwa na tusi mdomoni, nalidhamiria kabisa, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Wewe unakula nini?"

"Soseji za wali za mama," akasema. "Jumapili nitakuletea."

Kocha alikuwa ameacha kutafuna. Aliniambia, "Friji, leo umepata miguu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Softiboli ina sheria ambayo kwetu sisi ilikuwa kama zawadi. Mchezaji aliyeanza mechi anaweza kutolewa, kisha akarudishwa mara moja. Lakini wa akiba akishaingia na kutoka, siku yake imekwisha. Kwa hiyo mimi ningepiga, nijikokote hadi kituo cha kwanza, Kocha ainue mkono kwa refa, na Odalie aingie kukimbia badala yangu. Akishamaliza, mimi narudi kudaka, yeye anakaa benchi. Alikuwa kama njiti moja ya kiberiti kwenye kila mechi. Kocha alikaa naye, akasubiri, akahesabu moyoni, hadi ifike dakika ya kuiwasha. Mashabiki waliokuwa wamekwenda kununua mahindi ya kuchemsha walirudi mbio walipomwona anavua koti.

Tulipopishana pale kituoni tulikuwa na maneno yetu. Mimi nilimwambia, "Nifikishe nyumbani." Yeye alinijibu, "Kapumzike, dada mkubwa." Kisha mimi nakaa na kutazama, na miaka yote minne sikuzoea. Hakuangalia mpira. Aliangalia bega la mrushaji, vilevile alivyofundishwa kwenye vizimba vya farasi, na bega lilipojisaliti alikuwa ameshaondoka, wala hakuwahi kuondoka mapema. Marefa walimvizia msimu mzima. Mmoja aliniambia kwamba yeye humwangalia mpaka macho yanamtoka machozi, na kila mara mguu na mpira huachana na mahali pao pamoja. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Nami nilimwelewa, kwa sababu mwili wangu ulisisimka kila mara, na hata sasa naandika nikiwa nimesisimka.

Kila mbio aliyokimbia iliandikwa kuwa imeanzia kwangu. Mimi nilipiga, yeye alimalizia. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama na rungu mkononi kwenye mechi hata moja, na hilo ndilo lililomkereketa.

Nililijua Jumapili moja nyumbani kwao, tukiwa mezani tunakula gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia na kamba wa majini. Nilimuuliza mzee Alcide kwa nini haji kumwona mjukuu wake, na mji mzima unakuja. Mzee alimenya kamba wake taratibu, akamla, akafuta vidole.

"Nije kuona nini, binti? Mpanda farasi anayerukia farasi wa mwenzake katikati ya mbio? Siku akianzia langoni mwenyewe, mniite."

Odalie alicheka pamoja na wote. Alimwambia babu yake kwamba gumbo imemlevya. Lakini tulipokuwa garini kurudi chuoni, tukipita kiwanda cha sukari, akasema.

"Nataka nianzie nyumbani mara moja tu, Friji. Nisimame pale na rungu kama mtu. Wakinitoa, wanitoe. Ila babu aone."

Kwenye softiboli kila mpigaji anaanzia kwenye kibao cha nyumbani, anazunguka vituo vitatu, anarudi palepale. Odalie alikuwa amefika nyumbani mara nyingi kuliko yeyote kati yetu, na hakuwahi kuanzia hapo. Alimwomba Kocha mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Bi Brasseaux hakuwa mkatili, lakini alitaka kushinda.

"Semien, nikikupa rungu, nimewapa wale zawadi," alimwambia. "Mpaka siku nitakayokosa mtu kabisa."

Kuhusu mzee, mama yake Odalie alinifungua macho baadaye, tukiosha vyombo. Alisema baba mkwe wake hamdharau mtoto hata kidogo. Yeye ndiye aliyeuvuta ule mkono wa lango, na tangu siku ile hawezi kumtazama Odalie akianza chochote. Siku ya mahafali ya sekondari alikaa nje ya ukumbi hadi jina la mjukuu wake likapita. Yale maneno ya mezani ni uzio aliojijengea. Mama akanisihi nisimwambie binti yake, kwamba mzee atalisema mwenyewe siku akiweza.

Basi kila jioni baada ya mazoezi, mimi na Odalie tulibaki nyuma ya chumba cha kufulia, namrushia mipira. Kwa mkono ule hangeweza kuzungusha rungu, ila angeweza kulikinga mbele ya mpira ili uanguke chini na kujiviringisha kidogo. Tunaita kulaza mpira. Ukiulaza vizuri unafia kwenye vumbi, na wewe unakimbia kabla hawajauokota. Kila mpira ulipogonga, lile bamba lilimtetemesha hadi begani. Aliuma mdomo akaniambia nirushe mwingine. Mimi nilimwambia ana kichwa kigumu, akasema afadhali kichwa kigumu kuliko matako mazito. Tuliendelea hivyo hadi mwaka wa mwisho, na hapakuwa na dalili yoyote kwamba ingemsaidia.

Mashindano ya kanda mwaka ule yalikuwa Alexandria. Mshindi wa mechi ya mwisho alikwenda fainali za taifa, na aliyeshindwa aliviacha viatu. Hiyo ni desturi yetu wachezaji wote wa softiboli: siku mchezo wako wa mwisho unapokwisha, unavua viatu, unaviweka kwenye kibao cha nyumbani, unatoka uwanjani peku. Mimi na Odalie tulikuwa wa mwaka wa mwisho. Tuliahidiana kwamba viatu vyetu havitalala Alexandria.

Tulicheza na chuo kimoja cha Texas, wasichana warefu, wenye mrushaji ambaye mpira wake ulivuma. Walituongoza kwa moja. Timu yetu ilikuwa imepukutika. Mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na wa akiba wengine Kocha alishawatumia wote isipokuwa Odalie. Mechi ina zamu saba, na kwenye ya tano ilifika nafasi yangu ya kupiga, na yule mrushaji akanitandika mpira kwenye mkono wa kulia. Sheria inasema ukigongwa unapewa kituo cha kwanza bure. Nilikwenda nikiwa nimeukumbatia mkono, najua kabisa kuna kitu kimevunjika.

Odalie akaja. "Kapumzike, dada mkubwa."

"Nifikishe nyumbani," nikasema, na machozi yananitoka kwa maumivu.

Akaiba kituo cha pili. Mwenzetu Renelle akapiga mpira mfupi, ambao mkimbiaji mwingine yeyote angeishia kituo cha tatu. Odalie aliingia nyumbani bila hata kujitupa chini. Tukawa sawa.

Kwa kawaida hapo ningerudi kudaka. Daktari wa timu alinitazama vidole vilivyovimba akatikisa kichwa. Kocha alitafuta mtu benchi, akaona chupa za maji tu. Ikabidi ampange Renelle kudaka, wengine wasogee, na Odalie abaki uwanjani, kwenye nyasi za kushoto. Sote tulijua maana yake. Kwenye orodha ya wapigaji nafasi yangu sasa ilikuwa yake, na kama ingezunguka hadi kwetu tena, angekwenda yeye.

Ilizunguka. Wale wa Texas walipata moja tena mwanzo wa zamu ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Sisi tukaingia kupiga tukiwa nyuma, na wawili wetu wa kwanza wakatolewa haraka. Mtu mmoja zaidi akitolewa, msimu umekwisha. Nilivaa helmeti nikaokota rungu langu, nikamwambia Kocha anirudishe, nitapiga kwa mkono mmoja. Rungu likaniponyoka mbele yake. Nikaliokota, likaniponyoka tena. Bi Brasseaux alilichukua yeye, akamkabidhi Odalie.

"Nimekosa mtu kabisa," akamwambia. "Nenda kaanzie."

Hapo ndipo nilipomwona mzee Alcide. Hakuwa jukwaani na mkwewe na wajomba. Alikuwa amesimama peke yake kwenye uzio, usawa wa kituo cha kwanza, na kofia yake ya Jumapili, ameshika waya kwa mikono miwili. Mama yake Odalie alikuwa amemwambia kwamba huu ni mwaka wa mwisho, basi akaja kimya kimya na akakaa garini zamu zote sita. Odalie alimwona pia. Alisimama kidogo njiani, akavuta pumzi, kisha akaingia kwenye mistari ya chokaa pembeni mwa kibao cha nyumbani. Mzee hakugeuza uso.

Wachezaji wa Texas walikuwa wameambiwa. Walisogea wote mbele, karibu kabisa, wakijua hawezi kupiga mbali. Mmoja wao akampigia kelele kwamba asijichoshe, basi linawasubiri. Mrushaji akatupa wa kwanza, Odalie akauacha. Mrushaji akajiandaa tena, na mimi nikayaangalia macho ya Odalie badala ya mpira. Yalikuwa begani kwa yule msichana.

Akaulaza. Lile bamba lilimtetemesha, nilimwona akiuma mdomo, na mpira ukaanguka kwenye vumbi, ukajiviringisha taratibu kando ya mstari, mahali ambapo hakuna aliyekuwa. Alikuwa ameshakwenda. Nimejaribu miaka yote kueleza alivyoondoka pale na sijaweza. Nilichoona ni kwamba uwanja ulikuwa na kelele, halafu haukuwa nazo. Msichana wa Texas aliuokota akautupa kwa papara kituo cha kwanza, ukapita juu ya kichwa cha mwenzake hadi kwenye kona ya uzio, miguuni kwa mzee Alcide. Odalie alikata kona ya kwanza, akakata ya pili. Msaidizi wa Kocha, aliyesimama kituo cha tatu, aliinua mikono yote miwili kumsimamisha. Odalie hakumtazama. Mpira ulikuwa unarudi, umetupwa vizuri sana, na kila mtu pale, wa Texas na wa kwetu, alikuwa amesimama. Nilijikuta natamka tu, ee Mungu, ee Mungu. Sijawahi kuona kiumbe mwenye miguu miwili akikimbia vile.

Alijitupa. Mdakaji wao akashuka na mpira. Vumbi likawafunika wote, na lilipotua, mkono wa Odalie ulikuwa juu ya kibao, na glavu ya yule msichana, mpira ukiwa ndani, ilikuwa juu ya bega lake.

Refa aliinama akatazama kwa muda mrefu kipi kiligusa kwanza. Kisha akakunja ngumi akaiinua. Nje, glavu ilitangulia.

Odalie aliinuka akaketi palepale vumbini. Alifungua kamba za kiatu cha kulia, halafu cha kushoto, kwa mkono mmoja kama alivyozoea, akavipanga vyote viwili juu ya kibao cha nyumbani. Yule mdakaji wa Texas alipiga magoti karibu yake na kuvua helmeti yake.

Mzee Alcide alipita kwenye mlango mdogo wa uzio. Mlinzi alitaka kumzuia, kisha akaacha. Alitembea hadi pale, akasimama mbele ya mjukuu wake, kofia mkononi.

"Umeshindwa kwa urefu wa pua ya farasi," akasema.

"Najua, Babu. Nilianzaje?"

Mzee aliinama usawa wake. "Miaka arobaini nimefungua lango," akasema. "Sijamwona aliyeanza hivyo. Siku ile nilivuta mapema, mtoto wangu. Nilipaswa kungoja."

"Uliniangalia leo?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Odalie akashika kiganja cha babu yake akakiweka juu ya kile kifundo chake kisichokunjika, wakakaa hivyo. Mimi nilikuwa nimefika, viatu vyangu navyo nimeviweka kando ya vyake, vikubwa kama mitumbwi. Ardhi ya pale ilikuwa na kokoto na jua lilikuwa limeichoma. Niligeuka nikachuchumaa mbele yake, kama nilivyochuchumaa miaka minne.

Alielewa. Alipanda mgongoni, akapitisha mikono shingoni kwangu, na ule wa chuma ukanigusa kidevu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Akaniambia sikioni, "Nifikishe nyumbani, Friji."

Nikamwambia apumzike. Nilitembea polepole, kwa sababu sijui kutembea vingine, mzee akija nyuma yetu, hadi tulipofika kwenye gari la mama yake.